Kuagana Mwishoni mwa Muda wa Kujitolea: Mjadala wa Mbweni

Muda wa kujitolea ughaibuni una tarehe mbili, ya kufika na ya kuondoka, na zote hujulikana kabla mjitoleaji hajafunga begi. Kwa anayekuja Tanzania, tarehe ya mwisho huandikwa pia kwenye kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho Idara ya Uhamiaji huwapa watu wa makundi kadhaa, wakiwamo wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Lakini katikati ya tarehe hizo watu huzoeana, na mazoea hayana tarehe. Mtoto wa darasa la pili anaizoea sauti ya mwalimu mgeni. Mwalimu mwenyeji anamgawia vipindi. Mama mwenye nyumba anajua kwamba mgeni wake hali dagaa na kwamba akiwa na mawazo hukaa barazani peke yake. Siku ya kuondoka ikikaribia, jambo lililokuwa la makaratasi linakuwa la watu, na hapo ubishi huanza: kuaga kufanywe vipi, na kwa faida ya nani?

Mbweni, kata ya Wilaya ya Kinondoni iliyoko kaskazini mwa Dar es Salaam, ufukweni, jirani na Ununio na Boko, ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Si kijiji tena, ingawa mitaa ya wavuvi bado ipo kando ya majumba yenye kuta ndefu. Wala si katikati ya jiji, ambako mgeni anaweza kumaliza mwaka jirani asimjue jina. Mgeni anayewekwa kwenye familia ya huku hula na wenyeji wake, hupanda bajaji na daladala kama wao, na hujulikana mpaka kwa mwenye duka la mtaani. Anapoondoka, pengo huonekana mtaani.

Sauti za mjadala huu ni tano, na kila moja ni ya nafasi, si ya mtu mmoja: mratibu wa mpango, mwalimu wa shule ya msingi, mama mwenyeji, mlezi wa makao ya watoto, na kijana wa Kitanzania aliyemaliza mwaka wa kujitolea Ujerumani akarudi nyumbani. Zimewekwa pamoja hapa kwa sababu wenye nafasi hizo ni nadra kukaa meza moja. Mratibu huandika ripoti, mwalimu huandaa mtihani, mama huosha sufuria za hafla, mlezi hubaki na watoto usiku, na kijana aliyerudi huulizwa tu kama kulikuwa na baridi.

Mratibu anaanza na hafla, maana ndiyo inayoonekana. Utaratibu wake unafahamika kote nchini: kamati ndogo inachangisha, pilau inapikwa, soda zinaagizwa, mwanafunzi anasoma risala, mgeni anapewa cheti cha shukrani na kitenge au doti ya kanga, kisha picha ya pamoja. "Bila hafla," anasema mratibu, "mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ataondoka kama mwizi. Na watoto wanahitaji kuona kwa macho kwamba jambo limefika mwisho."

Mwalimu hakatai pilau. Anakataa maneno. "Mratibu, risala ile naiandika mimi. Natakiwa niseme kwamba tutabaki yatima bila mgeni wetu, na mtoto wa miaka 10 anasimama kuyasoma hayo mbele ya walimu wake. Kesho yake naingia darasani mimi niliyebaki. Nitamfundisha nini mtoto aliyekwisha kuambiwa, na kupigiwa makofi, kwamba mwenye maana kapanda ndege?"

Hoja ya mwalimu ina uzito kuliko inavyoonekana. Risala ina desturi yake: husifu, hueleza changamoto, huomba. Ikisomwa kwenye mahafali mbele ya diwani au mkurugenzi wa halmashauri, maombi ya madawati na matundu ya vyoo humfikia mwenye mamlaka. Ikisomwa mbele ya kijana wa miaka 19 anayerudi kwao, maombi hayohayo humwangukia mtu asiye na uwezo wala wajibu, akaondoka na mzigo usio wake, huku mwenye wajibu akiwa hajaambiwa kitu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi kuanzia Januari 2016, na kwa kufanya hivyo ulilirudisha suala la madawati mikononi mwa serikali. Risala ya kumuaga mjitoleaji haina budi kuishia kwenye shukrani na kwenye orodha ya kazi aliyoifanya pamoja na walimu, wakitajwa kwa majina.

Mama mwenyeji amesikiliza pande zote mbili, na jambo lake halikutajwa na yeyote. "Ninyi mnaagana saa tisa alasiri, kwa kipaza sauti. Sisi tunaagana usiku, wageni wameshatawanyika. Mwanangu wa mwisho ananiuliza dada atarudi lini, na mimi nimeshaambiwa mwezi wa tisa napokea mwingine. Huyo naye nitamwita mwanangu. Naye ataondoka."

Hapa ndipo kiini cha suala lote. Anayeondoka huaga mara moja. Mwenyeji huaga kila mwaka. Familia iliyopokea wageni kwa miaka 10, mmoja kila mwaka, imeaga watu 10, na kila mara imetakiwa ifungue moyo upya kana kwamba ni wa kwanza. Maandalizi, hata hivyo, hutazama upande wa pili. Mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts humtaka kila kijana ahudhurie semina za siku 25 kwa jumla, kabla ya safari, wakati wa kazi na baada ya kurudi. Peace Corps ya Marekani huwaita wajitoleaji wake kwenye mkutano maalumu wa kumaliza huduma miezi michache kabla ya kuondoka, wazungumzie kuaga, kazi na maisha ya nyumbani. Hayo ni mambo mema. Lakini yote yamepangwa kwa ajili ya anayeondoka, naye ana kwao, ana chuo kinachomsubiri, na ana wenzake waliopitia hayohayo. Mtoto wa mama mwenyeji hana semina.

Suala la pili ni tarehe yenyewe. Weltwärts, iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, huwaleta wengi wao Agosti au Septemba na kuwarudisha Julai au Agosti ya mwaka unaofuata. Kalenda hiyo inatokana na shule za Ujerumani, ambazo humaliza mwaka wa masomo majira ya joto, na vyuo vyake vikuu, ambavyo hufungua muhula mkuu Oktoba. Shule ya Tanzania hufuata kalenda nyingine: hufungua Januari, hupumzika katikati ya mwaka kuanzia Juni, hurudi Julai, na hufunga Desemba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba.

"Darasa alilolikuta Agosti analiaga Desemba," mwalimu anaeleza, "na hilo si tatizo, wote tunaliaga. Lakini analolifungua Januari hafiki nalo mwisho. Darasa la saba wanabakiwa na wiki chache kabla ya mtihani, ndipo mwalimu wao wa Kiingereza anapokata keki."

Mratibu anajibu kwamba kijana akibaki hadi Desemba atapoteza mwaka wa chuo, na kwamba hakuna shirika linaloweza kumlazimisha. Ni kweli, ingawa kanuni za mpango zinaruhusu muda wa miezi 6 hadi 24 na mwaka mmoja ni mazoea zaidi kuliko sharti. Hata hivyo ubishi huu hauhitaji kumng'ang'ania kijana. Unahitaji vipindi virudi kwa mwenyewe mapema. Mjitoleaji anayeondoka Agosti anapaswa kumkabidhi mwalimu mwenyeji darasa kabla ya likizo ya Juni: andalio la kazi, maksi, orodha ya wanafunzi wanaosuasua katika kusoma, na vitabu alivyotumia. Julai arudi darasani akae nyuma, asahihishe madaftari, asaidie kundi dogo. Hapo watoto watamwona mwalimu wao wa kudumu ameshika chaki huku mgeni bado yupo, na siku ya kuondoka haitakuwa siku ya kubadilishiwa mwalimu. Kuaga kwa namna hiyo huanza miezi miwili kabla ya pilau, na hakugharimu kitu.

Mlezi wa makao ya watoto anasema kwamba hayo yote ni ya watoto wakubwa. "Kwangu hakuna muhula. Ninao wa miaka miwili, wa miaka mitatu. Huyo hajui kibali wala Julai. Anajua kuna mtu alimbeba kila asubuhi, na leo hayupo. Baada ya wiki anakuja mwingine, na mtoto anamkimbilia, anamkumbatia mtu asiyemjua. Wageni wanafurahi, wanasema watoto hawa wana upendo. Mimi ninayelala nao nasema mtoto wa kukimbilia kila mtu hana wa kwake."

Elimu ya jambo hili ina mizizi Afrika Mashariki. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, na kupitia taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere akazitembelea nyumba za Waganda, familia 26, kutazama jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Kitabu chake juu ya uchanga nchini Uganda kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye mlezi anayemwitikia kwa uhakika huthubutu kutambaa mbali, kushika vitu, kuchungulia, kwa sababu anajua pa kurudi. Nchini Uingereza, James Robertson na John Bowlby walikuwa wamekwisha kufuatilia watoto waliotengwa na wazazi wao wakiwa hospitali, wakaeleza hatua tatu: kwanza mtoto hulia na kupinga, kisha hunyong'onyea, mwisho hujitenga na kuonekana ametulia. Hatua ya tatu ndiyo iliyowadanganya wauguzi wa wakati huo, na ndiyo inayowadanganya wageni hadi leo. Mtoto asiyelia tena kwenye hafla ya kuaga hajazoea. Pengine ameacha kutarajia.

Mwaka 2010 Linda Richter na Amy Norman waliandika wakionya juu ya safari za wageni kwenye makao ya watoto kusini mwa Afrika, kwa hoja hiyohiyo ya mazoea yanayofungwa na kukatwa mara kwa mara. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unataka mtoto alelewe katika familia kwanza na makao yawe hatua ya mwisho, na Desemba 2019 Baraza Kuu lilipitisha azimio lililogusa wazi madhara ya utalii na kujitolea katika makao ya watoto. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, imeyaweka makao hayo chini ya leseni na usimamizi wa Ustawi wa Jamii.

Mratibu hana moyo wa jiwe. "Dada, mikono haitoshi. Ninyi ni walezi wachache, watoto ni wengi. Huyu kijana asipokuja, nani atawabeba?"

"Niajirieni mlezi mwingine," mlezi anajibu. "Atoke hapahapa Boko, alipwe mshahara, awepo Idi na awepo Krismasi. Mgeni akija apake rangi ukuta, afundishe wakubwa hesabu, anisaidie mahesabu ya ofisi. Watoto wadogo asiwabebe."

Mlezi yuko sahihi, na katika hili hakuna nusu kwa nusu. Kwa mtoto wa umri huo hakuna njia njema ya kuagwa na mtu wa miezi mitatu. Wimbo, keki, albamu ya picha, maelezo ya taratibu, vyote hivyo humfariji mtu mzima. Suluhisho liko mwanzoni mwa muda, katika kutomkabidhi mgeni wa muda mfupi kazi ya kulisha, kuogesha na kulaza watoto wadogo. Shirika linalotafuta ushauri wa namna ya kuwaaga watoto wa makao limeuliza swali kwa kuchelewa.

Kwa watoto wanaoelewa mambo, ubishi unahusu kuambiwa. Mama mwenyeji anatetea desturi inayojulikana katika nyumba nyingi: msafiri huondoka mtoto akiwa amelala, au akiwa ametumwa dukani, ili asilie mlangoni. Kilio cha mtoto humvunja moyo msafiri, na wapo wanaoona si dalili njema kwa safari. Mlezi anamjibu kwa heshima: "Mama, nakuelewa, hata mimi niliwahi kutorokwa hivyo. Ila mtoto akiamka akakuta kitanda kitupu, tangu siku hiyo analala jicho moja." Mama ananyamaza kidogo, kisha anasema kwamba mwanawe alifanya hivyohivyo, alikuwa akiamka usiku na kuchungulia chumba cha wageni.

Mbweni kuna eneo liitwalo Mbweni JKT, na jina hilo linakumbusha kwamba Watanzania wanayo desturi yao ya huduma yenye mwisho uliotangazwa. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Kijana anayepelekwa kambini, pamoja na wazazi wake na wadogo zake, hujua kwamba mafunzo yana siku ya kufungwa, na siku hiyo hufungwa kwa gwaride. Mjitoleaji wa kigeni naye anaweza kutambulishwa hivyo tangu siku ya kwanza: huyu amekuja, atakuwa nasi hadi mwezi wa saba. Tarehe iandikwe kwenye kalenda ya ukutani sebuleni. Mtoto wa miaka 6 akiitazama mwaka mzima ataondokewa, lakini hatakuwa ametorokwa.

Halafu kuna zawadi na ahadi, na hapa sauti zinapanda.

Maneno ya kuagana ya huku yanajulikana: ukifika utujulishe, wasalimie nyumbani, usitusahau. Hilo la mwisho hubeba mengi. Anayeondoka, kwa huruma na kwa haraka, hugawa viatu, simu, baiskeli, laptopu. Mwalimu anasema amewahi kuona urafiki wa walimu ukiingia doa kwa sababu ya kompyuta moja iliyotolewa mkononi, bila maandishi, kwa mwalimu aliyekuwa karibu. Msimamo wake ni kwamba kifaa cha shule kiingizwe kwenye leja ya shule mbele ya mwalimu mkuu, na cha mtu binafsi kitolewe nyumbani, si hadharani. Mratibu anakubali bila ubishi. Mama anaongeza kwamba nguo alizozivaa mgeni akiwa kwake zimwachie yeye agawe, maana anajua nani mtaani hana na nani anajifanya hana.

Ahadi ni ngumu zaidi. Siku ya mwisho, machozi yakiwa karibu, ni rahisi kumwambia mama wa mtoto fulani kwamba mwanawe atasomeshwa. Kwa kuwa shule za serikali hazitozi ada, kusomesha huko mara nyingi humaanisha kumhamishia mtoto shule ya kulipia. Anahamishwa peke yake, ndugu zake wakibaki walipo. Kijana aliyeahidi anarudi kuwa mwanafunzi asiye na kipato. Malipo yakisimama katikati, mtoto anarudi shule ya mwanzo akiwa na aibu ambayo hakuwa nayo. "Mwanangu," mama anamwambia mgeni wa kufikirika, ambaye ni wote aliowapokea, "usiahidi kitu ukiwa unalia. Nenda kwenu, ule, ulale, upate kazi. Ukiona bado unakumbuka, niandikie mimi, tutakwenda wote kwa mwalimu." Ni vigumu kuboresha ushauri huo. Hata neno la kwamba nitarudi linahitaji uangalifu: mtu mzima hulisikia kama adabu ya kuagana, mtoto huanza kuhesabu.

Wapo walioondoka bila kuaga kabisa, na historia yao inafundisha. Peace Corps ilianzishwa Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake: kundi la wapimaji, wahandisi na wanajiolojia lilifika Dar es Salaam kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Mpango ulisitishwa nchini mwaka 1969, siku za siasa ya kujitegemea na za kutoelewana na Marekani juu ya vita vya Vietnam, ukarejea mwaka 1979. Kisha likaja janga la korona. Tarehe 15 Machi 2020 Peace Corps ilitangaza kuwaondoa wajitoleaji wake wote duniani, wapatao 7,000 katika nchi zaidi ya 60. Ujerumani nayo iliwaita vijana wa weltwärts. Tarehe 16 Machi Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza, na tarehe 17 shule zikaamriwa kufungwa. Walimu wageni na wanafunzi wao walitawanyika wiki ileile, kila mmoja njia yake, bila risala wala picha ya pamoja. Shule zilipofunguliwa tena kwa wote tarehe 29 Juni, wageni walikuwa kwao.

Mratibu, ingawa ndiye aliyeitetea hafla, anaona katika tukio hilo ushahidi kwamba si ya lazima, kwani maisha yaliendelea. Mwalimu anaona somo jingine. "Yaliendelea pale ambapo kazi ilikuwa ya wawili. Kama maksi zilikuwa kwenye kompyuta yake na funguo za maktaba mfukoni mwake, maksi na funguo viliondoka naye." Kwa hiyo makabidhiano hayapaswi kusubiri wiki ya mwisho. Kazi ya mjitoleaji inatakiwa iwe katika hali ambayo, akiitwa kesho asubuhi, mwenzake anajua daftari liko wapi.

Kijana aliyerudi kutoka Ujerumani amekuwa kimya muda wote. Yeye alikwenda kwa njia ya kinyume: tangu mwaka 2013 weltwärts imekuwa na upande wa kupokea, unaowapeleka vijana wa nchi za Kusini kufanya kazi Ujerumani kwa mwaka, katika shule za chekechea, nyumba za wazee na vituo vya watu wenye ulemavu. Kwa vijana wa Dar es Salaam, Hamburg si jina geni katika habari hizi, kwa kuwa majiji hayo mawili yana mkataba wa ushirikiano tangu mwaka 2010.

"Mimi niliagwa kwa saini," anaeleza. "Siku ya mwisho kazini nilileta keki, maana kule anayeondoka ndiye huleta. Nikapewa kadi wote wameiandika. Nikarudisha funguo, nikasaini. Nikaenda ofisi ya wakazi kujiondoa kwenye daftari lao, nikafunga akaunti ya benki, nikasitisha bima. Nilijiona kama nafukuzwa kwa utaratibu. Lakini nilipofika nyumbani hakukuwa na mtu ananidai, wala mimi simdai mtu."

Mlezi anamuuliza juu ya wazee aliowahudumia. Kijana anasema hilo ndilo lililokosa fomu. Mzee wa miaka 90 alimuuliza atakuwa zamu lini tena, na yeye, aliyefundishwa tangu utoto kutomwambia mkubwa neno la kukata tamaa, akajibu kwamba Jumatatu. Jumatatu alikuwa angani. Mama mwenyeji anamwambia, "Mwanangu, ungemshika mkono ukamwomba radhi na dua, angekupa. Wazee wa kila mahali wanajua kuagana kuliko sisi." Hakuna anayempinga.

Anachopendekeza kijana ni kuchanganya: saini za kule na kusindikiza kwa huku. Mwenyeji wa pwani hamwachi mgeni aondoke peke yake. Humtoa hadi njiani, wakitembea polepole, na yale ambayo hayakusemwa mezani husemwa hapo. Kutoka Mbweni hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere ni zaidi ya kilomita 30 za foleni, na anayesindikiza huishia nje ya mlango wa abiria, kwa hiyo kukodi Coaster kupeleka mtaa mzima ni gharama kubwa kwa dakika chache za kupunga mikono. Busara ni kugawa siku ya mwisho: shuleni asubuhi kwa muda mfupi, kwa majirani mchana nyumba kwa nyumba, jioni chakula cha familia peke yake, na safari ya uwanjani kwa mmoja au wawili. Kila mtu apate zamu yake ya kumshika mgeni mkono.

Yanayofuata baada ya safari hayahitaji maneno mengi. Ujumbe huja kila siku, kisha kila wiki, kisha siku za sikukuu. Mama mwenyeji halioni hilo kuwa kosa, mradi mgeni hakuahidi zaidi. Waliowahi kuwa watoto wake wana watoto wao sasa.

Kinachobaki ni uamuzi wa mratibu, kwa sababu ndiye anayepanga mgeni ajaye. Ikiwa mjitoleaji ameondoka na hapakuwa na mwenyeji wa kupokea kazi yake, nafasi hiyo haikuwa ya kujitolea bali pengo la ajira, na haifai kujazwa tena kwa njia hiyo. Na kabla ya familia kuandikiwa mgeni wa mwezi wa tisa, mtu aende Mbweni akakae na mama na watoto wake, awaulize wamemaliza kumuaga aliyetangulia au bado. Wakisema mwaka huu wapumzike, wapumzishwe, na nafasi yao ya mwaka unaofuata isiguswe.